Picha Mbili za Hubbard Pryor

Mwaka 1860 serikali ya Marekani ilihesabu watu wake, kama ilivyofanya kila baada ya miaka kumi. Karani wa sensa aliyepita katika kaunti ya Polk, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Georgia, alikuwa na madaftari ya aina mbili. Katika lile la kwanza aliandika watu huru kwa majina, umri, kazi na mali zao. Katika lile la pili aliandika watumwa, na humo jina lililoandikwa lilikuwa la bwana peke yake. Chini ya jina la bwana kulifuata mistari ya watu wasiotajwa: umri, jinsia na rangi ya ngozi. Kijana aliyeitwa Hubbard alikuwa na umri wa miaka 18 hivi wakati ule, naye aliishi utumwani katika kaunti hiyo. Mtafiti anayemtafuta katika sensa ya mwaka ule hawezi kumwonyesha kwa kidole, kwa sababu serikali yenyewe haikutaka kumjua kwa jina.

Miaka minne baadaye serikali hiyohiyo ilimwandika Hubbard Pryor kwa jina lake kamili, ikampa sare na bunduki, na picha zake mbili zikatumwa Washington zikiwa zimeambatishwa kwenye barua ya kijeshi. Ya kwanza inamwonyesha akiwa na nguo zilizochanika. Ya pili inamwonyesha akiwa askari kamili wa jeshi la Marekani. Picha hizo zimechapishwa mara nyingi katika vitabu vya historia, na kwa kawaida huwekwa ubavu kwa ubavu, kana kwamba kati yake pana hatua moja tu. Ili kuzielewa inatupasa kuanza mbali kidogo, katika ardhi yenyewe.

Sehemu hiyo ya Georgia ilikuwa nchi ya Wacherokee. Mwaka 1838 jeshi la Marekani liliwakusanya kwa nguvu na kuwafukuza kuelekea magharibi ya mto Mississippi, na maelfu yao walikufa kabla ya safari na njiani. Walowezi weupe waliichukua ardhi iliyobaki wazi, na kaunti ya Polk ikaanzishwa mwaka 1851. Walowezi wenye uwezo walikuja na watumwa, kwa sababu zao waliloliwazia lilikuwa pamba. Tangu mwaka 1793, mashine ya Eli Whitney ya kutenganisha nyuzi na mbegu ilipopatikana, pamba fupi ya bara ilikuwa imegeuka kuwa utajiri, na kila shamba jipya lilihitaji mikono mipya ya kulima, kupalilia na kuchuma. Kwa hiyo uvumbuzi uliopunguza kazi katika hatua moja uliongeza watumwa katika hatua nyingine zote. Sensa ya 1860 ilihesabu karibu watumwa milioni 4 katika nchi nzima, na zaidi ya 460,000 kati yao walikuwa Georgia.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu yake mwenyewe ya kuikumbuka pamba hiyo. Sehemu ya pamba ya Kusini ilipelekwa kwenye viwanda vya nguo vya Massachusetts, na kutoka huko nguo ilipakiwa kwenye merikebu za mji wa Salem na kuletwa Unguja, ambako Marekani ilikuwa na mkataba wa biashara na Sayyid Said tangu mwaka 1833. Nguo hiyo ndiyo amerikani. Misafara iliibeba hadi bara, ikavaliwa, ikatumika kama fedha, ikatolewa kama hongo kwa machifu wa njiani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini vilipozuka Marekani na pamba ikakwama, amerikani ilipungua na kupanda bei Unguja, na wafanyabiashara wa nguo za Uingereza na India wakajaza pengo. Mtu wa Tabora aliyejifunga shuka la amerikani hakuwa na njia ya kujua ni nani aliyeichuma pamba yake, na mchumaji naye hakujua nguo inafika wapi.

Vita hivyo vilizuka kwa sababu ya utumwa, ingawa havikuanza kama vita vya kuukomesha. Tofauti hiyo ni muhimu. Abraham Lincoln alichaguliwa kuwa rais mwezi Novemba 1860 kwa ahadi ya kuzuia utumwa usienee katika maeneo mapya ya magharibi. Majimbo ya Kusini yaliona kwamba utumwa uliozuiwa kuenea utakufa siku moja, yakaanza kujitenga. Georgia ilijitenga tarehe 19 Januari 1861, na mizinga ya kwanza ililia Aprili mwaka huohuo. Kwa upande wa Kaskazini, lengo lililotangazwa lilikuwa kuirudisha nchi kuwa moja. Watu weusi waliojitokeza kujiandikisha jeshini mwaka ule waliambiwa kwamba vita haviwahusu.

Ni nini basi kilichobadilisha msimamo huo? Wanahistoria wamejadiliana kwa muda mrefu, na majibu yao ni ya namna mbili. Wapo wanaotazama juu, kwa Lincoln na bunge: sheria ya Julai 1862 iliyoruhusu kuwatumia watu weusi jeshini, tangazo la ukombozi la tarehe 1 Januari 1863, kisha idara maalumu ya askari weusi iliyoanzishwa Mei 22 mwaka huo. Wapo wengine wanaotazama chini, kwa watumwa wenyewe, ambao tangu Mei 1861 walitoroka na kujisalimisha kwenye kambi za Kaskazini, mmoja mmoja, kisha mamia, kisha maelfu, hadi majenerali wakalazimika kuuliza Washington wafanye nini. Kwa maoni yangu jibu la pili ndilo linaloeleza mwanzo, na la kwanza ndilo linaloeleza ukubwa. Bila watoro kusingekuwa na swali mezani mwa Lincoln. Bila sheria, mtoro angebaki mgeni wa kambi, akitegemea huruma ya kamanda aliyepo siku hiyo.

Kwa Hubbard, yote hayo yalikuwa habari za mbali hadi jeshi la Kaskazini lilipokaribia. Chattanooga, mji ulio kwenye mto Tennessee karibu kabisa na mpaka wa Georgia, ulikuwa makutano ya reli zilizounganisha Kusini yote. Jeshi la Kaskazini liliingia mjini Septemba 1863, likashindwa vibaya siku chache baadaye kwenye kijito cha Chickamauga, likazingirwa, kisha likavunja mzingiro kwa vita vya tarehe 23 hadi 25 Novemba. Kuanzia hapo Chattanooga ulibaki mikononi mwa Kaskazini. Habari za namna hiyo zilisafiri shambani bila gazeti. Sheria ya Georgia ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma, lakini haikuweza kuwazuia waliohudumu mezani wasisikilize, wala waendesha mikokoteni wasisimulie walichokiona.

Kutoka kaunti ya Polk hadi Chattanooga ni zaidi ya kilomita 100, kupitia vilima, mito na nchi iliyojaa doria za Kusini. Mtumwa aliyekamatwa njiani bila hati ya bwana wake alijua kinachomngoja. Hubbard alifika. Tarehe 7 Aprili 1864, akiwa na umri wa miaka 22, alijiandikisha katika Kombania A ya Rejimenti ya 44 ya askari weusi wa miguu, rejimenti iliyoanza kuundwa Chattanooga siku zizo hizo. Alijiandikisha kwa jina la Pryor, ambalo lilikuwa jina la bwana wake, mpanda pamba wa Polk. Watumwa wengi walioachwa huru walifanya hivyo. Wengine walichagua jina jipya kabisa, na wengine walichukua jina la bwana wa zamani zaidi, ili ndugu waliouzwa mbali wapate alama ya kuwatafutia.

Sababu zake za kuwa askari hazikuandikwa, nasi hatuna haki ya kumtungia. Tunaweza hata hivyo kupima mazingira. Ujira haukuwa kivutio kikubwa, kwa kuwa askari mweusi alilipwa dola 10 kwa mwezi na kukatwa 3 za nguo, ilhali mweupe alilipwa 13 pamoja na posho ya nguo, na bunge halikurekebisha jambo hilo hadi Juni 1864. Kushurutishwa kulikuwapo: maafisa wa uandikishaji katika sehemu mbalimbali walipita kwenye makambi ya wakimbizi na kuwakamata vijana wenye nguvu. Njaa ilikuwapo pia, maana kambi za wakimbizi zilikuwa na magonjwa mengi na chakula kidogo, na askari alikuwa na uhakika wa mgao wake. Lakini mtu aliyefunga safari ya zaidi ya kilomita 100 katika nchi ya doria, kisha akajiandikisha miongoni mwa wa kwanza wa rejimenti mpya, si mtu aliyechukuliwa usingizini. Mimi naamini alijua anachokifanya.

Siku tano baada ya tarehe hiyo, Aprili 12, askari wa Kusini chini ya Jenerali Nathan Bedford Forrest waliiteka ngome ya Fort Pillow kwenye mto Mississippi. Takriban theluthi mbili ya askari weusi waliokuwamo waliuawa, wengi wao wakiwa wamekwisha kutupa silaha. Habari zilienea katika kila kambi ya askari weusi. Hubbard Pryor hakuwa na wiki moja jeshini, na tayari alikuwa amejulishwa kwamba sare aliyoivaa haitamlinda kama inavyomlinda mweupe.

Sasa tufike kwenye picha. Upigaji picha ulikuwa na umri wa miaka 25 tu. Njia ya Louis Daguerre, iliyotangazwa Ufaransa mwaka 1839, ilitoa picha moja tu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na picha hiyo haikuweza kurudufiwa. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kolodioni: bamba la kioo lilimwagiwa kimiminika chenye kunata, likatumbukizwa katika nitrati ya fedha, likaingizwa kwenye kamera likiwa bado bichi, na baada ya kupigwa likasafishwa kabla halijakauka. Yote yalihitaji kumalizika kwa dakika 10 au 15, na ndiyo maana wapiga picha walioandamana na majeshi walitembea na chumba cha giza ndani ya hema au mkokoteni. Faida yake ilikuwa kwamba kioo kimoja kiliweza kutoa nakala nyingi za karatasi, zilizochapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute mweupe wa yai. Bei ikashuka. Askari wa kawaida akaweza kupigwa picha na kuituma kwao kabla ya kwenda vitani, naye mama yake akaiweka mezani asijue kama itakuwa ya mwisho.

Mambo mawili ya ufundi huo yanamsaidia mtazamaji wa leo asikosee. La kwanza ni utulivu. Mwanga ulihitaji sekunde kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo mtu alisimama bila kutikisika, mara nyingi kichwa chake kikiwa kimeshikwa kwa nyuma na chuma, na tabasamu lingeharibika. Ukali wa nyuso za zamani usichukuliwe kuwa huzuni au hasira bila ushahidi mwingine. La pili ni rangi. Kolodioni iliona sana bluu na karibu haikuona nyekundu. Vitambaa vya bluu hutokea vyeupe kuliko vilivyokuwa, na ngozi yenye wekundu wa udongo hutokea nyeusi zaidi. Kinachoonekana kwenye karatasi ni mtu, lakini ni mtu kama kemikali ile ilivyoweza kumwona.

Wazo la kuonyesha mtu kabla na baada ya kuwa askari halikuanzia kwa Pryor. Aprili 1863, katika mji wa Baton Rouge, jimbo la Louisiana, wapiga picha McPherson na Oliver walipiga picha ya mtoro ambaye mgongo wake ulikuwa umejaa makovu ya viboko. Tarehe 4 Julai mwaka huo jarida la Harper's Weekly liliichapa kama mchoro, likimwita mtu huyo Gordon, na likaizungushia michoro mingine miwili: mmoja wa mtoro mwenye nguo zilizochanika, mwingine wa askari mwenye sare. Jarida lilisema wote watatu ni mtu mmoja. Watafiti wa karibuni wameichunguza habari hiyo na kutilia shaka sehemu kubwa yake, wakionyesha kwamba huenda mwenye makovu na mwenye nguo kuukuu walikuwa watu wawili tofauti. Makovu ni ya kweli bila shaka yoyote. Kilichotengenezwa ni hadithi iliyoyazunguka, kwa kuwa wasomaji wa Kaskazini walitaka kuona mateso yakigeuka kuwa ushujaa katika ukurasa mmoja.

Picha za Pryor ni ushahidi imara kuliko huo, kwa sababu jina, rejimenti na barua vinajulikana. Zilipigwa na A. S. Morse, na aliyezituma ni Kanali Reuben D. Mussey, afisa aliyesimamia uandikishaji wa askari weusi katika eneo hilo akiwa na ofisi Nashville. Aliziambatisha kwenye barua ya tarehe 10 Oktoba 1864 kwa Meja Charles W. Foster, mkuu wa idara ya askari weusi Washington. Katika picha ya kwanza kijana amevaa matambara: nguo imeraruka, vipande vinaning'inia. Katika ya pili amesimama wima na koti la kijeshi, mkanda kiunoni, kofia ya askari kichwani na bunduki mkononi. Uso ni uleule.

Je, matambara yale ni ya kweli? Wengine wameona ni mchezo wa kuigiza, nguo zilizochaguliwa makusudi ili tofauti ionekane kubwa. Wengine wanajibu kwamba hakukuwa na haja ya kuigiza. Watumwa wa mashamba walipewa nguo mara mbili hivi kwa mwaka, za kitambaa kigumu na cha bei ndogo, na mtu aliyekatiza vichaka vya Georgia kwa miguu hakuweza kufika akiwa amevaa kitu kizima. Hoja ya pili ina nguvu kwangu kuhusu nguo. Lakini kuna jambo ambalo hoja zote mbili zinaliacha nyuma, nalo ni mpangilio wa wakati. Hakuna mtu mwaka 1864 ambaye angelipia kioo, kemikali na kazi ya mpiga picha ili kuweka kumbukumbu ya mtoro mmoja mwenye matambara, kama si kwamba alikwisha kuifikiria picha ya pili. Picha ya kwanza ilipigwa kwa ajili ya ya pili. Ile inayoitwa ya kabla ilipigwa wakati uamuzi umekwisha kufanywa, na mwenye kuufanya alikuwa Hubbard mwenyewe, alipotoka Polk.

Kwa nini Mussey alihitaji picha? Kwa sababu mradi wake ulikuwa na wapinzani ndani ya jeshi lake mwenyewe. Jenerali William T. Sherman, aliyeondoka Chattanooga Mei 1864 kuelekea Atlanta akiwa na askari 100,000 hivi, hakutaka askari weusi katika mstari wa mbele. Aliwataka wachimbe mitaro, wapakie mabehewa na walinde mizigo, na mwezi Juni alitoa amri ya kuwazuia waandikishaji wasimchukulie vibarua wake. Mussey na wenzake walishikilia kwamba mtu mweusi anaweza kuwa askari kama askari mwingine yeyote. Picha mbili zilikuwa hoja ambayo Washington ingeielewa bila kusoma ripoti ndefu. Ziliambia ofisi kwamba ukituletea mtu huyu, tutakurudishia huyu.

Hoja hiyo ilikuwa na nia njema, na pia ilikuwa na kasoro. Iliipa serikali sifa ya kumfanya mtu, kana kwamba utu wake ulishonwa ndani ya koti.

Wakati huo Rejimenti ya 44 ilikuwa na kazi isiyo ya picha. Kiangazi chote cha 1864 iliandikisha watoro wengine huko Rome, Georgia, na kulinda reli. Reli hiyo moja, kutoka Chattanooga kwenda kusini, ndiyo iliyolisha jeshi lote la Sherman. Atlanta ulianguka tarehe 2 Septemba, na Jenerali John Bell Hood wa Kusini, asiyeweza tena kumshinda Sherman uso kwa uso, akaamua kumkatia chakula. Mwanzoni mwa Oktoba alizunguka kuelekea kaskazini na kuanza kuibomoa reli kituo baada ya kituo. Tarehe 12 alifika Resaca na kudai kambi ijisalimishe, kamanda akakataa. Tarehe 13 alifika Dalton. Aliyekuwa akiulinda mji huo ni Kanali Lewis Johnson akiwa na watu wapatao 750, na takriban 600 kati yao walikuwa askari weusi wa Rejimenti ya 44. Hubbard Pryor alikuwa miongoni mwao. Barua yenye picha zake ilikuwa na umri wa siku tatu.

Hood alikuwa na watu karibu 40,000. Aliandika kwamba akilazimika kuingia kwa nguvu hatachukua mateka, na katika ngome ile kila mtu alielewa maana yake, kwani Fort Pillow haikuwa imesahaulika. Johnson alipolalamika, Hood alimjibu kwamba hawezi kuwazuia askari wake, na kwamba hata angeweza asingewazuia. Johnson aliandika baadaye kuwa askari wake weusi walitaka mno kupigana. Alijisalimisha. Wapo waliomlaumu, wakitaja kamanda wa Resaca aliyekataa siku moja kabla na asivamiwe. Lakini Resaca ilikuwa na ngome bora zaidi, na wasaidizi walikuwa wanafika, ilhali Dalton ilikuwa imezingirwa na mizinga ikiwa imewekwa tayari. Nikipima, naona Johnson aliokoa uhai wa watu wengi, lakini bei ya uamuzi wake ililipwa na watu wasioulizwa. Maafisa weupe waliachiliwa siku chache baadaye kwa kiapo cha kutopigana hadi wabadilishwe. Askari weusi hawakuachiliwa.

Sababu ya tofauti hiyo ilikuwa ya kisheria kabla ya kuwa ya hasira. Serikali ya Kusini ilikuwa imeamua tangu 1862 na 1863 kwamba mtumwa aliyekamatwa na silaha si mateka wa vita, ni mali iliyopotea na kuonekana. Kaskazini haikukubali, na mpango wa kubadilishana mateka uliofanyiwa kazi tangu Julai 1862 ulivunjika hasa kwa suala hilo. Siku ya kujisalimisha, askari wa Rejimenti ya 44 walivuliwa viatu na nguo, wakaswagwa hadi kwenye reli na kulazimishwa kuing'oa kwa mikono yao. Reli ile ndiyo waliyokuwa wakiilinda jana yake. Mmoja alikataa kuiharibu, akapigwa risasi palepale. Wagonjwa watano walioshindwa kwenda na mwendo wa wenzao waliuawa pia. Wengine walitambuliwa na mabwana zao wa zamani na kurudishwa kwao. Waliobaki walipelekwa kufanya kazi ya kutengeneza reli katika Alabama na Mississippi, wakiwa chini ya viboko.

Kwa Hubbard Pryor maana yake ni kwamba miezi sita na siku sita baada ya kujiandikisha, alikuwa mtumwa tena. Wakati meja wa Washington alipokuwa na picha ya askari aliyesimama wima mezani pake, askari mwenyewe alikuwa bila sare na bila viatu, akibeba mataruma. Kama mpiga picha angekuwapo, angepata picha ya tatu iliyofanana na ya kwanza, na mpango mzima wa kabla na baada ungevunjika.

Wenzake waliokuwa nje ya Dalton siku ile walibaki kuwa rejimenti. Walipigana kwenye vita vya Nashville tarehe 15 na 16 Desemba 1864, ambako jeshi la Hood lilivunjwa lisiweze kusimama tena. Kwa jumla, karibu watu weusi 179,000 walihudumu katika jeshi la Kaskazini, mbali na walioingia wanamaji, na takriban 40,000 kati yao walikufa, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi.

Majeshi ya Kusini yalijisalimisha kuanzia Aprili 1865. Mwezi Mei, Pryor aliachiliwa katika mji wa Griffin, Georgia, akiwa mgonjwa, karibu uchi na mwenye njaa. Hali hiyo ndiyo iliyokuwa ya mtu aliyekwisha kuwa askari wa Marekani kwa mwaka mmoja na zaidi, mwenye jina katika daftari la kombania. Alirudi kaunti ya Polk, safari yake ya pili, na safari hii hakuna aliyekuwa na haki ya kumuuliza hati. Tarehe 6 Desemba mwaka huo bunge la Georgia lilipitisha marekebisho ya 13 ya katiba, na kwa kura hiyo idadi ya majimbo iliyohitajika ikatimia na utumwa ukakoma kisheria katika nchi nzima.

Mwaka 1870 makarani wa sensa walipita tena Georgia. Mara hii watu weusi wote waliandikwa kwa majina. Pryor alioa na kuishi Polk kwa miaka kadhaa, kisha akahamia Texas, ambako alifariki mwaka 1890. Picha zake mbili zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani, pamoja na barua ya Mussey ya tarehe 10 Oktoba 1864.